Mashine Isiyoachia Uzi

Jumatatu, 4 Februari 1957

Siku mbaya. Komora amerudi kutoka Kipini na samaki.

Si samaki wa kusema samaki. Kolekole! Mpana kama mlango wa banda la kuku, amefungwa nyuma ya baiskeli, mkia unaburura vumbi kutoka sokoni mpaka kwenye pantoni. Garsen nzima ikatoka. Mwalimu alitoka. Wateja wa kinyozi walitoka na sabuni mashavuni. Mimi nilikuwa katikati ya mto nimeshika kamba, ng'ombe wa watu wananikanyaga vidole, na hata kugeuza uso nilishindwa.

Komora ndiye kiongozi wetu sisi wavuta kamba wa pantoni. Tunavusha malori, mbuzi, makarani na maiti, kwa mikono yetu, na kazi yake yeye ni kupiga filimbi. Sasa amekuwa mvuvi pia. Alisema alimvua peke yake kwa mshipi wa mkono, wakashindana tangu asubuhi mpaka jua kali, na kwamba bahari si ya kila mtu. Aliposema hivyo alinitazama mimi.

Nimefika nyumbani nikakuta jambo la kunitoa roho. Komora ameketi barazani kwangu, baiskeli kaiegemeza ukutani na samaki bado kafungwa nyuma kwa ukindu, na Sarah, mke wangu, amemtilia chai katika kikombe cha maua. Kile kikombe ni cha mchungaji! Mimi tangu nimwoe sijakinywea. Sarah alieleza kwamba Komora ametuletea kipande cha samaki, na mtu aliyeleta kitoweo hawezi kupewa kikombe cha bati. Kile kipande nilikila. Kilikuwa kitamu, na hilo liliniudhi zaidi.

Kesho Sarah anakwenda Ngao pamoja na mtoto wetu Kahaso. Dada yake Kadii amelazwa hospitali, anakaribia kujifungua. Ameniachia maagizo mengi juu ya kuku, na moja juu ya cherehani chake. Nisikiguse. Atarudi Jumanne ijayo, na akirudi tu anaanza kushona kanzu za kwaya ya Ngao. Kitambaa cheupe kimeshaletwa, kimekunjwa chini ya kitanda. Nilimwuliza nikiguse cha nini, mimi nishone?

Jumanne, 5 Februari

Nimeamua. Nitavua kolekole kumpita wa Komora, na sitamvua kwa mshipi wa mkono kama watu wa zamani. Nitamvua kwa mashine.

Habari ya mashine ni hivi. Yule Mzungu aliyekuwa akishinda Kipini akivua amerudi kwao. Sanduku lake la vyombo vya kuvulia alimwachia Hersi, mwenye duka, alipochukua petroli na samli ya safari. Hersi ni Msomali, mtu wa ngamia na chai. Samaki hali, hamgusi, na hata kumtaja humtaja ametazama pembeni. Lakini biashara ni biashara. Mashine amezipanga kwenye rafu kati ya sabuni na kandili.

Zipo tatu. Ni chuma cha kuviringia mshipi. Kina mkono wa kuzungusha, kina kikombe kinachobeba uzi, na kina waya wa kupinduka unaouelekeza uzi mahali pake. Zote nzito. Zote za maji ya chumvi, alisema Hersi, na nilipomwuliza amejuaje akasema Mzungu alisema. Sifa nyingine alizitoa kwa elimu yake mwenyewe. Ile ya kijani ni mpole kama ngamia jike. Nyeusi ina nguvu lakini haina haraka. Ya tatu, yenye shaba ubavuni, alipoifikia alinyamaza.

Nikafanya kama mtu mwenye akili. Nikashika uzi wa ile ya kijani nikauvuta. Sikuamini macho yangu. Mashine ilitoa uzi! Ililia krrrrr ikautoa, na mkono wake haukuzunguka hata kidogo. Nikavuta nyeusi. Krrrrr. Nayo ni hivyo hivyo! Nilibaki mdomo wazi mbele ya wateja. Mtu anafua chuma kizito namna hii, anakipaka rangi, anakileta kwa meli mpaka Mombasa, halafu ukikivuta kidogo tu kinagawa uzi kama mlevi anavyogawa mshahara. Mimi ni mtu wa pantoni. Kwetu kamba ikiachia, lori linakwenda zake mtoni na dereva wake ndani. Kitu kinachoachia kwangu si kitu.

Nikavuta ile ya tatu. Kimya. Haikutoa hata unywele. Nikaweka mguu kwenye kaunta nikavuta kwa mwili wote. Rafu ilikuja, kandili zikaja, mashine haikuachia.

Hersi aliokota kandili zake akasema, "Warya, hiyo wacha. Hiyo nakufa zamani. Chumvi nakula tumbo yake." Akanionyesha parafujo kubwa ya mbele, ile ya kukaza na kulegeza. Kwenye mashine mbili inazunguka. Kwenye hii imeganda.

Nilicheka moyoni. Mwenye duka hasemi mali yake imekufa ila kama keshamwekea mtu mwingine. Na mtu mwenyewe namjua. Ana baiskeli na filimbi.

Jumatano, 6 Februari

Nisingeamini macho tu. Nilitaka kuzijaribu zote tatu kwa nguvu ya kweli. Hersi alikubali, mradi na yeye aje aone mali yake inapelekwa wapi.

Kivukoni tulimkuta Hirbo, Muorma, na ng'ombe wake wakingoja kuvuka kwenda Minjila. Nikamwomba aniazime dume mmoja. Akauliza wa kazi gani. Nikamwambia ni habari ya samaki. Hirbo alimtazama Hersi, Hersi akamtazama Hirbo, na watu hawa wawili ambao samaki hawajapata kumtia mdomoni wakanihurumia kwa pamoja. Dume alinipa.

Tulianza na ya kijani. Nilifunga uzi kwenye pembe za dume, Hirbo akampiga dume kofi, dume akaondoka mbio. Krrrrr! Uzi ukaenda, ukaenda, mimi nimesimama tu kama kigingi. Dume alipochoka alisimama akaanza kula majani, nami nikazungusha mkono polepole, na dume akarudi mpaka miguuni kwangu bila ugomvi. Hersi alipiga makofi. Hirbo alisema hajapata kuona Mpokomo akimrudisha dume vizuri namna ile. Mimi niliona haya. Dume alikwenda alikotaka! Huko ndiko kuvua?

Kisha ya shaba. Hirbo akampiga dume kofi. Dume akaenda, na mimi nikaenda.

Tulipita kwenye tope la mnyweo wa ng'ombe. Tulipita kwenye nguo za watu zilizoanikwa. Tulipita kwa Mashavu muuza mandazi, na karai lake likaja nasi hatua chache. Nikafika kwenye mti wa mkoma, nikaukumbatia, na dume naye akasimama kwa sababu hakuwa na njia. Uzi ulikuwa umekaza kama msumari. Nilitema tope nikasema hii ndiyo yenyewe! Imenivuta kutoka kivukoni mpaka mkomani na haikuachia!

Hersi alimwita Hirbo awe shahidi kwamba yeye alikwisha kuniambia imekufa. Hirbo alishuhudia. Mashavu naye alishuhudia mambo mengine, juu ya mandazi yake, na nimemwahidi kichwa cha kolekole.

Sasa likaja suala la kuichukua. Hersi alikataa kuiuza. Alisema akiniuzia kitu kilichokufa watu watamsema mpaka Garissa. Angeniazima tu, nami niweke dukani kitu cha maana mpaka nirudishe mashine kama ilivyo. Nilipokuwa nikifikiri ni kitu gani, mkewe Deka akauliza kutoka nyuma ya pazia kama cherehani cha mama Kahaso kinashona pindo. Binti yao Nurto ataolewa mwezi ujao.

Nimekipeleka jioni, nimekifunika gunia. Ni cha siku chache tu. Sarah atarudi Jumanne, mimi nitarudi Jumapili na samaki na mashine, na Jumatatu cherehani kitakuwa mezani pake. Hata vumbi halitajua kilitoka. Roho imetulia. Ila ile meza ikiwa tupu inaonekana kubwa, na nimekula chakula nimeipa mgongo.

Alhamisi, 7 Februari

Nilimwomba Komora ruhusa. Nilimwambia shangazi yangu wa Kipini amefariki. Alinipa pole, kisha akauliza mbona shangazi wa Kipini alifariki Krismasi, na yeye mwenyewe alitoa kuku. Nilimwambia huyu ni mdogo wake, walipewa jina moja. Akauliza tena pondo la pantoni nimelibeba la nini. Nikasema ni la kubebea jeneza.

Pondo ni la kufungia mashine. Vifimbo vya Mzungu ni vyembamba, vinapinda ukivitazama. Pondo letu limesukuma pantoni mwaka wa mafuriko na halikupinda. Nimeifunga mashine kwa kamba ileile ya kazi, fundo la pantoni, fundo ambalo mtu halifungui ila kwa kisu.

Nimekuja kwa lori la kubeba ngozi. Njiani niliipaka mashine samli, ndani na nje, chumvi isipate pa kuingilia. Akili yangu mwenyewe. Nilipoteremka Kipini nilishangaa kupokewa na paka. Paka wa mji mzima! Walinifuata kutoka sokoni hadi kwa Shee, mikia juu, watu wakitoka milangoni kutazama.

Shee ni mvuvi wa hapa, rika langu, tunajuana kwa kuwa nimemvusha mara nyingi. Ana mtumbwi mzuri na maneno mengi. Aliichukua mashine, akavuta uzi, akajaribu parafujo, akacheka. Alisema samaki wa bahari hashikwi kwa ubavu. "Mpe ndia ende, ndugu yangu. Akichoka utamrejeza." Nikamwambia hayo niliyasikia kwa Hersi na sikuyatarajia kwa mvuvi. Kweli watu wa Kipini ni laini. Wanabembeleza samaki.

Ijumaa, 8 Februari

Shee hakwenda baharini. Ijumaa hatii mtumbwi majini kabla ya sala, na baada ya sala alilala. Nami siku zangu zinakwisha!

Nilitumia wakati kujifunza kurusha. Ufukwe ulikuwa wazi. Nilizungusha pondo juu ya kichwa mara nyingi ili lipate kasi, nikarusha, na nikasahau kuupindua ule waya. Uzi haukutoka. Ndoana ilizunguka ikarudi nyuma, na nilipovuta nilisikia uzito mzuri sana. Nikavuta zaidi. Nyuma yangu mtu akapiga kelele. Nilikuwa nimelishika paa la jiko la Mwanahamisi, mke wa Shee, na makuti yalikuwa yanakuja.

Nililipa kwa kupanda juu na kuezeka upya, mchana kutwa, jua la Februari. Mwanahamisi alisimama chini akinielekeza, akiuliza kwetu mtoni watu wanavua nyumba za nani. Watoto wote walikuja. Paka pia.

Nikiwa juu ya paa niliiwaza ile meza tupu. Sijui kwa nini. Sarah alikipata kile cherehani kwa kusuka mikeka tangu alipokuwa msichana, miaka mingi, kabla hata hajanijua. Nikasema basi, kesho naingia baharini, na kila kitu kitakaa sawa.

Jumamosi, 9 Februari

Nitaandika kwa kifupi.

Tulitoka asubuhi mpaka pale maji ya mto yenye tope yanapokutana na maji ya kijani. Nilijifunga pondo kiunoni kwa kamba. Kwetu mtu wa mbele hujifunga hivyo maji yakiwa na nguvu, hajitengi na kamba, na nimelelewa katika kazi hiyo. Shee alinisihi nijifungue. Nikamwambia ashike mshipi wake na mimi nishike mashine yangu.

Nilitupa chambo. Nikangoja. Kisha kikaja.

Sikuvutwa. Kuvutwa nakujua. Nilikuwa nimeketi mtumbwini, na mara nikawa siko mtumbwini. Sikumbuki katikati. Nakumbuka nilimpita Shee, na uso wake. Halafu maji, chumvi puani, pondo limelala mbele yangu, na mimi nyuma yake nakwenda! Nilikuwa nakwenda kuliko lori! Nyuma nilimsikia Shee akipiga makasia na kuniita nikate. Kukata? Mtu wa pantoni hakati kamba. Nilikumbatia mashine, na hata nilipokuwa chini ya maji nilijisemea haijaachia, haijaachia.

Nilimwona mara moja. Mgongo wake tu, karibu na mchanga wa kina kifupi. Sitasema ukubwa kwa sababu hakuna atakayeniamini, na Shee anasema ulikuwa ni mgongo wa taa, yule samaki bapa wa mchangani. Hapo pondo likapasuka. Pondo lililoshinda mafuriko! Nusu moja ilikwenda na samaki pamoja na uzi, nusu ilibaki na mimi na mashine. Mashine haikuwa na mkono tena. Umekatika shinani. Tumboni mwake mmejaa mchanga, na ile samli imeganda na mchanga ikawa kitu kama saruji.

Shee alinikuta nimeketi kwenye fungu la mchanga, nimeishika. Nililia, sitaficha. Nilikiona cherehani cha Sarah mbele yangu kama kilivyo, na kile kikopo chake cha mafuta cha shingo ndefu anachokitundika ukutani. Mashine kama ilivyo, Hersi alisema. Kama ilivyo!

Shee alinivuta mtumbwini bila kunicheka. Hilo lilinitisha zaidi. Alikwisha kuvua kolekole wawili kwa mshipi wa mkono wakati akinitafuta, mmoja mkubwa sana. Tulipofika pwani alimpitisha yule mkubwa ukindu kwenye matamvua, akafunga fundo lake, fundo la masikio mawili kama ya sungura, akaniwekea mabegani. Alisema mtu hawezi kurudi kwao mikono mitupu.

Nilitazama lile fundo. Nikalitazama tena. Nimeliona! Nimeliona Jumatatu, nyuma ya baiskeli!

Nilimwuliza Shee kama Komora alikuja kwake wiki iliyopita. Akasema alikuja. Nikauliza alivua nini. Shee akatazama baharini, akasema Komora alitapika sana.

Jumapili, 10 Februari

Nimerudi kwa lori la ngozi. Nilimfunga samaki kwa majani mabichi, nikamwagia maji kila tuliposimama. Alifika Garsen akiwa na harufu kidogo, lakini ukubwa ulikuwa palepale. Watu walitoka! Mwalimu alitoka. Nilipita katikati ya soko polepole kuliko ilivyohitajika.

Komora alikuja na filimbi shingoni. Alimzunguka samaki. Macho yake yakafika kwenye ukindu, yakasimama kwenye fundo. Mimi nilikuwa namtazama yeye. Akainua uso, akakuta namtazama. Kisha Komora akasema mvua zitachelewa mwaka huu. Nikasema naona zitachelewa. Hakuuliza habari ya pondo wala ya shangazi.

Furaha yangu iliishia hapo. Nilikwenda kwa Hersi na samaki begani, nikikomboe cherehani kwa samaki. Sijafika mlangoni Hersi alitoka mbio, mikono mbele kama anazuia gari. "Hapana ingia! Wacha nje! Duka yangu iko sukari, iko majani ya chai!" Nilipigwa na butwaa. Nimemletea mtu utajiri wa bahari, naye anaziba pua! Nikampa kwa mbali, kama zawadi. Akasema hata angekuwa wa dhahabu, nyumbani kwake Deka angemtupa yeye na samaki pamoja.

Basi nikatoa mashine. Imekuwa nyekundu kwa kutu, haina mkono, inatoa mchanga. Hersi aliitazama. Alisema aliponipa ilikuwa imekufa, lakini ilikuwa maiti nzima. Sasa nimeleta vipande. Cherehani kitakaa. Nurto anaolewa na Deka ana vitambaa vingi.

Samaki niliwagawia watu. Kichwa nilimpa Mashavu. Alikinusa akaniuliza kama haya ndiyo malipo au ni dharau nyingine.

Jumatatu, 11 Februari

Sarah amerudi leo! Leo, si kesho! Kadii amejifungua mtoto wa kiume, wote wazima, na Sarah akaona hana haja ya kukaa. Nilikuwa kivukoni nikamwona ng'ambo, na Kahaso mgongoni na kikapu kichwani, anangoja pantoni. Nilivuta kamba kwa upande mbaya mpaka Komora akapuliza filimbi. Mara ya kwanza nimewahi kutamani kamba ikatike.

Nilimvusha mke wangu mwenyewe. Akiwa kwenye pantoni aliniambia mtoto anafanana na babu. Nikasema vizuri. Akaniuliza habari ya kuku. Nikasema wazima. Akatembea kwenda nyumbani na mimi sikumfuata.

Niliporudi alikuwa ameketi mbele ya meza tupu. Hakupiga kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, nina majibu yake yote, na hakupiga! Aliniuliza kiko wapi. Nikamwambia. Nikamwambia yote, dume, pondo, taa, fundo la Shee. Nilipofika kwenye mashine isiyoachia uzi aliinua kichwa akaniuliza iweje mtu atafute chombo cha uzi kisichotoa uzi. Alisema hata cherehani chake kina parafujo juu, na ukiikaza sana uzi hukatika au sindano huvunjika. Lazima uulegeze kadiri. Nikamwambia hiyo ni nguo, hii ni bahari.

Kisha akasema neno ambalo limenikaa. "Baba Kahaso, mimi siumii kwa chuma. Naumia kwamba uliniona nakunja kile kitambaa cheupe, na bado ukakibeba cherehani." Akatoka. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Nilikaa gizani na kuku, nikamwomba Mungu anisamehe, na nilikuwa nasema kweli.

Jumanne, 12 Februari

Mambo ya ajabu. Sarah alikwenda kwa Hersi asubuhi peke yake. Nilijificha nyuma ya magunia ya mahindi nje ya duka nisikie anavyotukanwa.

Hakutukanwa. Alimkuta Deka karibu kulia. Tangu akipate kile cherehani hajashona hata pindo moja, uzi unakatika kila mara, na sindano mbili zimevunjika. Deka alikuwa ameikaza ile parafujo mpaka mwisho ili ushonaji uwe imara. Sarah akailegeza kwa vidole viwili. Akamshonea pindo palepale. Hersi alipoona aliagiza chai.

Walizungumza, na nikasikia hukumu yangu kupitia magunia. Cherehani kinarudi nyumbani leo. Sarah atamshonea Nurto nguo zote za harusi, kabla ya kanzu za kwaya, bila malipo, kwa ajili ya mashine iliyovunjika. Na mimi nitamchotea Deka maji mtoni mpaka harusi ipite. Hersi akasema kwa sauti, bila kugeuka, kwamba mtu wa nyuma ya mahindi anaweza kuanza sasa.

Nimekibeba cherehani kutoka dukani mpaka nyumbani, bila gunia, watu wakiona. Sarah alitembea mbele. Tulipofika alipangusa meza, nikakiweka, akakigeuza kidogo mahali pake hasa, nikakaza boliti zake. Kisha akanitilia chai. Kikombe kilikuwa cha bati, lakini alinitilia.

Ile mashine Hersi kanipa moja kwa moja. Sarah anaiweka juu ya kifuniko cha chungu, kuku wasifunue.

Jumatano, 13 Februari

Nimechota maji tangu alfajiri. Mgongo umekufa. Jioni niliketi mlangoni nikamtazama Sarah akishona nguo ya Nurto, na moyo ulikuwa mweupe. Nimejifunza. Nimemwambia Sarah hivyo, akasema vizuri, akaendelea kuzungusha.

Niliendelea kumtazama anavyozungusha.

Sijui kwa nini sikuona siku zote hizi. Gurudumu lile ni chuma kitupu, kizito, halina kutu hata chembe. Mkono wake ni mnene, haukatiki shinani. Uzi unakwenda unakotakiwa. Na chombo chote kimefungwa kwenye meza kwa boliti nne! Hakuna cha pondo hapo, hakuna cha kiuno. Mtu anaketi kwenye kiti chake kama karani, anazungusha, na samaki anakuja mezani. Yule Mzungu alikuwa na mashine tatu na hajawahi kufikiri hili.

Sarah anarudi Ngao Jumamosi kwa ubatizo wa mtoto wa Kadii. Atalala huko. Nilimwuliza kama atalala huko. Akauliza kwa nini. Nikasema nauliza tu.

Alipokwenda kuoga nimeipima ile meza kwa nusu ya pondo iliyobaki. Mtumbwini mwa Shee inaingia, tukimtoa Shee. Na ile parafujo ya juu, ambayo ameiacha imelegea vile, nimemkazia mpaka mwisho.